Baiskeli ya Pili kwa Njia ya Kaengesa

Novemba 14

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo mchana, Sumbawanga yote. Bati la ofisi ya redio lilipiga kelele mpaka tukashindwa kurekodi taarifa ya saa kumi. Kwa wakulima ni habari njema na nimeisoma hivyo hewani.

Kwa mdogo wangu Flavian ni jambo jingine. Anaishi kijijini kwetu, mbele ya Kaengesa, na ana kisukari cha kuchoma sindano kila siku. Kule hakuna umeme wala friji, kwa hiyo anapewa insulini ya majuma mawili kwa mara moja na anaihifadhi ndani ya mtungi wenye maji. Kiangazi bodaboda inafika mpaka mlangoni kwake. Masika haifiki. Daraja la mto lilizolewa mwaka jana na mahali pake wamelaza magogo mawili. Pikipiki haipiti juu ya magogo. Baiskeli inapita, ikiwa begani kwa mtu.

Kupeleka dawa ni kazi yangu. Mwaka jana nilitumia baiskeli yangu nyeusi. Kwenye lami haina tatizo, na gunia la unga inabeba. Lakini haina gia, ni nzito kama mlango wa chuma, na madigadi yake yakijaa udongo gurudumu halizunguki. Mara mbili nilichelewa. Mara ya pili nilimkuta Flavian kalala sakafuni, ananiangalia na hanijui.

Nahitaji baiskeli ya pili. Moja itakayoweza lami, udongo, njia ya mguu, sokoni na bega langu. Nimeshapita miaka hamsini. Bega ndilo la kuulizwa kwanza.

Novemba 21

Limbu anauza baiskeli za mtumba karibu na soko. Ni Msukuma, alikuja bondeni na ng'ombe, ng'ombe wakaisha, akapanda huku juu kwenye baridi akiwa na spana.

"Mwandishi, unachagua baiskeli au unachagua mkwe?" aliniuliza, kwa kuwa nilikuwa nazinyanyua moja moja.

"Mkwe ningemaliza haraka. Shika hapa."

Zilizofaa kutazamwa zilikuwa tatu. Ya kwanza ina shokapu mbele na nyuma, matairi manene, breki za diski. Ya pili ni ya mbio, tairi jembamba kama kidole. Ya tatu ni ya kijivu, haina mbwembwe: gia chache, fremu ya chuma, tairi la wastani, nafasi pana kati ya tairi na fremu, matundu ya kufungia keria.

"Hiyo ya kijivu ni ya mwalimu mstaafu," alisema Limbu. "Chukua ya shokapu. Inaruka matuta kama swala."

"Na kwenye lami?"

"Kwenye lami inanesa kidogo."

"Sitaki kunesa. Nataka kufika."

Kijana mmoja kwenye benchi akasema, "Mama wa redio, beba ya mbio, uwahi habari kabla haijatokea." Wakacheka. Mimi pia.

Amekubali niijaribu ya shokapu kwa safari moja. Nyeusi nimemwachia kama dhamana.

Novemba 27

Mvua. Nimeandika habari ya mbolea. Hakuna zaidi.

Desemba 10

Nimeijaribu. Kwenye lami kila nikikanyaga pedali nusu ya nguvu inamezwa na springi. Kwenye udongo matairi manene yalibeba tope jingi, likajaa kwenye uma wa mbele, nikawa nasimama kulichokoa kwa kijiti. Kwenye magogo niliibeba begani na katikati ya mto nikalazimika kuihamishia bega la pili. Nilifika, lakini si kwa msaada wake.

Ukishavuka mto kuna njia mbili. Ya mkokoteni inazunguka kilima, na ni mfinyanzi mtupu. Nyingine ni njia ya mguu inayokata katikati ya shamba la Flavian ambalo limelala tangu alipougua. Hiyo ni majani mafupi juu ya ardhi ngumu, maji hayatuami. Nimeamua hiyo ndiyo njia yangu, na baiskeli nitaichagua kwa kuipimia hiyo.

Flavian amekonda, ila ana maneno. "Dada, hiyo pikipiki yako injini umeiacha wapi?"

Mke wake, Bertilla, hakucheka. Alipokea vichupa, akavitazama kwenye mwanga kimoja kimoja, akaviweka kwenye mtungi bila kusema asante. Watoto walinipa shikamoo shangazi, yeye akarudi shambani na jembe. Tangu aolewe sijapata kumwelewa mwanamke huyu. Sura yake muda wote ni ya mtu anayesubiri uondoke.

Desemba 17

Nimechukua ya kijivu. Sababu ninaziandika ili nisije nikajidanganya baadaye. Ni nyepesi kuliko ya shokapu na ina nguvu kuliko ya mbio. Tope likiingia kati ya tairi na fremu lina pa kutokea. Breki ni za waya, zikiharibika naweza kuzitengeneza mwenyewe. Ina gia ya kupandia kilima cha mto. Na tairi lake la wastani linatosha kabisa kwenye ile njia ya shambani. Limbu ameifunga keria ya chuma kutoka kwenye baiskeli ya muuza mkaa.

"Keria hii inabeba mtu mzima," alisema.

"Nabeba dawa."

"Leo unabeba dawa."

Desemba 24

Safari ya kwanza na ya kijivu. Lami vizuri, udongo vizuri, magogo vizuri. Ile njia ya shambani niliiendesha mwanzo mpaka mwisho bila kushuka. Nimefika nguo safi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwangu mwezi wa Desemba. Flavian alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi.

Raymond, mtoto wa baba yetu mdogo, ana shamba linalopakana na la Flavian. Alikuja kunisalimia na panga mkononi. Amefyeka majani pande zote mbili ili yasiingie kwenye spoku zangu.

"Dada Jovina, hii sasa ni barabara ya mama wa redio. Iwe njia kubwa kabisa, kila mtu apite."

Nilimshukuru. Bertilla alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Wifi," akasema, "tairi lako lina tope. Usiingize jikoni."

Ndiyo salamu yangu ya Krismasi.

Januari 7

Nimepeleka. Kila kitu sawa.

Januari 21

Nimepeleka. Raymond amechomeka vijiti kando ya njia, eti ukungu ukishuka nisipotee. Kurudi nikakuta vijiti vyote vimeng'olewa na kutupwa upande wake. Watoto wakasema, "Mama ndiye kavitoa."

Sikuuliza. Nilikuwa na taarifa ya jioni inanisubiri. Lakini nilikanyaga pedali kwa hasira mpaka lami. Mtu mmoja anatengeneza njia ya dawa ya mume wake, yeye anaibomoa.

Februari 4

Nimepeleka. Radi ilipiga nguzo ya umeme nje ya mji, nikajibanza kwenye kituo cha mizani na madereva wa malori. Sikulowa sana. Dawa haikulowa kabisa.

Februari 18

Ni wakati wa ntumba. Kwetu shamba lililolala halichomwi moto. Watu wanakata udongo na majani yake, wanageuza na kufukia, yanakuwa matuta ya duara yaliyobanana kama mkate uliovimba. Juu yake unapanda maharage, na mvua za mwaka unaofuata unayasambaza kwa ajili ya ulezi au mahindi. Shamba la Flavian limepumzika vya kutosha. Bertilla amepika pombe na kuita watu waje kumsaidia kulima.

Nilimkuta anapima kwa macho, jembe begani.

"Wifi, njia yangu utaniachia?"

Akalitazama shamba, akanitazama mimi, akaitazama ile ya kijivu.

"Wewe endesha, mimi nilime," akasema.

Nimelichukua hilo kama ndiyo.

Machi 3

Nimepeleka kwa njia ya mkokoteni, kwa sababu watu wa pombe walikuwa wamejaa shambani na sikutaka kuwakatiza kazi. Mfinyanzi. Nimechelewa kurudi, mhariri amenuna. Mara ijayo narudi kwenye njia yangu.

Machi 8

Siku ya tatu mvua haijakata. Nimesoma hewani majina ya vijiji visivyofikika. Chetu kimo. Nimekisoma kama vingine.

Machi 10

Naandika ya jana kwa mpangilio yalivyotokea.

Alfajiri simu iliita. Bertilla.

"Wifi, ukuta wa jiko umeanguka juu ya mtungi. Dawa yote imepasuka."

"Lini?"

"Juzi usiku. Jana nimepanda kilima mara ngapi sijui, mtandao hakuna. Ameanza kutapika. Anapumua kama aliyekimbia."

"Nakuja."

Nilikuwa na kichupa kimoja cha akiba kwenye friji. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakiweka ndani ya blauzi, nikaondoka na ya kijivu kabla kondakta wa basi la kwanza hajaanza kuita abiria. Lami niliimaliza vizuri. Njia ya udongo ilikuwa supu, lakini tairi lilikata mpaka chini na tope likatoka lilikotakiwa kutoka. Mto ulikuwa unalamba magogo. Nilivuka na baiskeli begani bila kuangalia maji. Nilijua kwamba nikishafika upande wa pili kazi ngumu imekwisha, imebaki ile njia.

Njia haikuwepo.

Ntumba zilianza ukingoni mwa barabara na kwenda mpaka nyumbani, mpaka kwenye mpaka wa Raymond, hazikuacha hata upana wa mguu. Matuta mapya, laini, na mifereji katikati imejaa maji. Nilijaribu kuendesha kwenye mfereji. Pedali ikagonga tuta, nikaanguka ubavu. Nikajaribu kusukuma. Gurudumu likazama mpaka kwenye ekseli. Hesabu yangu yote ya tangu Desemba, uzito, upana wa tairi, gia, niliipigia juu ya ardhi ambayo mtu ameigeuza kwa jembe.

Nililaza baiskeli pale pale nikaenda kwa miguu. Kila tuta lilikuwa linanimeza. Nilianguka, nikashika kifua kwanza kuona kama kichupa ni kizima. Nilimtukana Bertilla kwa sauti, kwa Kifipa, maneno ambayo hewani ningefutwa kazi.

Yeye mwenyewe alikuwa anakuja. Alikuwa anakimbia peku kwenye mifereji, anajua upi una kina na upi hauna. Hakusalimia. Akanyoosha mkono, nikampa, akageuka akakimbia. Nilipofika ndani alikuwa ameshamchoma sindano na anamfunika blanketi.

Flavian alinuka mdomo kama tunda lililooza. Alitujua, lakini akawa anasinzia katikati ya neno.

"Hii haitoshi," akasema Bertilla. "Aende hospitali. Baiskeli iko wapi?"

"Kwenye matuta yako."

"Keria yake ni ya chuma?"

"Ya chuma."

Alitoka. Aliirudisha ameibeba kichwani, kama kuni. Tukamkalisha Flavian kwenye keria juu ya blanketi lililokunjwa. Mimi nikashika usukani, Bertilla akaja nyuma amemkumbatia mume wake kiunoni, tukashika njia ya mkokoteni, mfinyanzi wote ule wa kuzunguka kilima. Tope lilijaa, tulilichokoa, likapita. Nyeusi ingegoma hapo, na ya shokapu pia. Hilo nilikuwa nimelipigia hesabu sawasawa. Mengine sikuyapigia.

"Dada," Flavian akasema, macho yamefumba, "unaendesha vibaya."

"Nyamaza. Wewe ni mzigo."

Tukaenda. Baadaye sikuweza kujizuia.

"Wifi, kwa nini umeifukia njia?"

"Shika usukani."

"Nimeshika. Kwa nini?"

Alikuwa anahema. Aliongea vipande vipande, kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu.

"Raymond amefyeka. Amechomeka vijiti. Kesho angesema hapa ndipo mpaka, huku kwangu, kule kwa Flavian. Kila mtu angesema ndiyo, tumeona baiskeli inapita miaka yote. Mtu asiyelima shamba lake amelitupa. Mume wangu hawezi kushika jembe. Nikiacha hata mstari mmoja, upande wa kule ni wake."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza," akasema. "Kazi yako si kuuliza watu?"

Kilima kilikuwa kimeanza, nikainama nikasukuma.

Kwenye magogo alimfunga Flavian mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Mtu mzima, mdogo wangu, na miguu yake haikugusa maji, kwa jinsi alivyokonda na mkewe alivyo mrefu. Alivuka polepole, vidole vya miguu vimeng'ang'ania gome. Nilivuka nyuma yake na baiskeli. Kama wangeanguka nisingeweza kufanya lolote zaidi ya kuona.

Kwenye lami lori la mbao lilisimama. Dereva akasema, "Pandisheni, na hiyo baiskeli pia." Tulifika hospitali kabla ya mchana kuisha. Yuko wodini, ana dripu mikono yote miwili. Daktari anasema tusubiri.

Machi 11

Tunasubiri.

Machi 12

Ameomba uji. Amekatazwa sukari, akauliza ni nani aliyeitaja sukari.

Machi 16

Raymond amekuja kumtazama mgonjwa na mayai ya kienyeji kwenye kikapu. Nilimsindikiza mpaka getini.

"Dada, nasikia maneno maneno huko. Mimi nilikuwa naisafisha ile njia kwa ajili yako."

"Na vijiti?"

"Ili usipotee."

"Kwenye shamba nililozaliwa?"

Akatazama kikapu chake. Kilikuwa kitupu, lakini aliendelea kukitazama.

"Flavian akipona vizuri sina neno," akasema.

"Na asipopona vizuri?"

Akahamishia kikapu mkono wa pili. Nimehoji watu wengi wakubwa kuliko Raymond, na jibu la namna hiyo nalifahamu. Kilichonisumbua ni kwamba mwezi wa Desemba nilimshukuru.

Machi 24

Flavian ataruhusiwa wiki hii. Mvua bado ipo. Nilimwambia Bertilla nitatafuta baiskeli ya tatu, yenye tairi la kuweza mfinyanzi, niwe nazunguka na njia ya mkokoteni.

Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za wodi, anamenya viazi vya mgonjwa.

"Wifi, wewe una miguu mingapi?"

"Miwili."

"Basi baiskeli tatu za nini? Hiyo ya kijivu niachie mimi."

Nikamuuliza, maana sasa nauliza, kama anajua kuendesha.

"Nimesoma Kaengesa, shule ilikuwa mbali na kwetu. Unafikiri nilikuwa naruka?"

Mpango wake ni huu, na nimeutafutia kasoro siku nzima sijaiona. Mimi nije na nyeusi mpaka mtoni. Lami nyeusi inaiweza, na kile kipande cha udongo mpaka mtoni ni kifupi, nitaisukuma. Yeye aje na ya kijivu kutoka ng'ambo, kwa njia ya mkokoteni, ambayo anaijua kila shimo. Tukutane kwenye magogo. Hakuna atakayevuka na baiskeli begani. Na mtungi ukivunjika tena, au ikitokea lolote, hatanisubiri: atamweka kwenye keria na kuondoka.

Muda wote nilikuwa natafuta baiskeli moja ya kunifikisha mimi mpaka mwisho. Haikunipitia akilini kwamba mwisho wa njia kuna mtu mwenye miguu.

Machi 26

Kwa Limbu na Bertilla. Limbu alitaka kunieleza mimi, Bertilla akamgeuza kwa kumgonga begani.

"Fundi, mwenyewe ni mimi. Tairi la nyuma nataka lenye meno. La mbele liache. Kiti kipandishe. Madigadi usiweke."

"Mama, bila madigadi utachafuka mgongo."

"Mgongo wangu umeshabeba kilicho kizito kuliko tope."

Limbu akanitazama mimi. "Mwandishi, huyu mkwe umempata wapi?"

"Nimemkuta ameshachaguliwa," nikasema.

Aliijaribu mbele ya benchi la vijana. Aliyumba mwanzo, kitenge kikataka kuingia kwenye cheni, akakikunja kiunoni, akazunguka soko lote, akarudi bila kugusa breki mpaka dakika ya mwisho. Vijana wakasogea wakampisha.

Aprili 7

Kukabidhiana kwa kwanza. Alikuwa wa kwanza kufika. Mvua kidogo. Dawa imepita magogo mikononi mwetu, tumekutana katikati.

Aprili 21

Mvua zinaisha, asubuhi ilikuwa ya baridi na bila wingu. Nilifika mtoni mapema nikaegesha nyeusi. Maji yameshuka, magogo yako juu juu. Nilisubiri. Muda aliosema ukapita. Nikasimama, nikatembea mpaka ukingoni, nikarudi. Nikaanza kufikiria ukuta, mtungi, Flavian sakafuni. Nilikuwa nimeshakunja suruali ili nivuke nikasikia kengele.

Alitokea kwenye kona ya kilima, tope mpaka kwenye nywele, mtoto mdogo amekaa kwenye keria na kifurushi mapajani.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba. Wifi, umechelewa."

"Nilikuwa nachuma." Alishuka, akaegemeza baiskeli, akatazama kwanza cheni. "Mdogo wako anakusalimia. Jana ameshika jembe, tuta moja tu. Akakaa juu yake kama mfalme."

Nilimpa vichupa. Akaviinua kwenye jua, kimoja kimoja, kama anavyofanya siku zote, na leo na mimi nilivitazama pamoja naye. Kisha akachukua kile kifurushi kwa mtoto, akanipa. Majani ya maharage, machanga, bado na umande.

"Yametoka kwenye njia yako," akasema.

Nimeyapika jioni na karanga. Yalikuwa na mchanga kidogo.